Nani Atanunua Mbao? Mjadala wa Elimu ya Amali katika Sekondari za Rungwe

Elimu ya amali ni mkondo wa elimu ya sekondari unaomfundisha mwanafunzi fani ya kazi, kama useremala, uashi, umeme, ufundi magari, ushonaji, mapishi au kilimo, sambamba na masomo ya darasani. Lengo lake ni kwamba anayemaliza Kidato cha Nne aondoke na cheti cha taaluma na cha ufundi pamoja. Mkondo huu uliingia katika shule za Tanzania Bara Januari 2024, kwa Kidato cha Kwanza cha shule chache zilizoteuliwa, kufuatana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023. Shule nyingi zimebaki na mkondo wa elimu ya jumla. Sera hiyohiyo inaifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari.

Wilayani Rungwe suala hili linagusa mambo ambayo kila kaya inayajua. Wilaya ina halmashauri mbili, ya Rungwe yenye makao Tukuyu na ya Busokelo yenye makao Lwangwa. Sehemu za juu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, udongo ni wa volkano, na karibu kila kitu kinaota: migomba, chai, kahawa, viazi, maharage, na siku hizi parachichi. Kisichoota ni ardhi yenyewe. Mashamba yamegawanywa kati ya baba na wana vizazi kadhaa, na kijana anayemaliza Kidato cha Nne mara nyingi hukuta sehemu yake ni mistari michache ya migomba. Ndiyo maana swali la ujuzi wa mikono linaulizwa huku kwa haraka kuliko katika wilaya zenye mapori ya kufyeka.

Hoja zinazobishaniwa zimekusanywa hapa chini katika sauti nne za kubuni: mwalimu wa ufundi, afisa mipango wa halmashauri, fundi seremala mwenye banda kando ya barabara kuu iendayo Kyela, na mama mkulima wa chai mwenye mtoto wa darasa la saba. Sauti ni za mfano tu. Hoja zao ni za kweli.

Mwalimu anaanza na idadi ya wanaobaki nyuma. Wanafunzi wengi wa shule za kata, anasema, hawaendi Kidato cha Tano. Wamefundishwa miaka minne kujiandaa kwa ngazi ambayo hawaifiki, kisha wanarudi nyumbani wakijua sehemu za ua na historia ya Mkutano wa Berlin, lakini hawajui kubadilisha soketi. Vyuo vya ufundi vipo, ila nafasi zake hazilingani na umati huo. Mbeya mjini kuna chuo cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya 1994. Katumba, humuhumu wilayani, kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimoja kati ya vyuo zaidi ya hamsini vilivyoanzishwa kuanzia 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden. Sekondari, kinyume chake, iko karibu katika kila kata. Kama ujuzi unatafuta mlango wa kumfikia kijana, mlango ulio karibu ni huo.

Anaongeza kwamba jambo hili si geni Rungwe. Wamisionari wa Moravian walipojenga kituo chao mwaka 1891 chini ya Mlima Rungwe, shule na kazi za mikono vilikwenda pamoja: vijana walijifunza kusoma, na wengine wakashika useremala na uashi. Kutenganisha kalamu na randa, kwa maoni yake, ni tabia iliyokuja baadaye.

Afisa mipango hapingi kwamba vijana wanahitaji ujuzi. Anachopinga ni imani kwamba shule ya sekondari ndiyo mahali pa kuupata. Serikali, anakumbusha, imeshajaribu. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, na miaka ya sabini sekondari zikapewa michepuo: kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Kila shule ilibeba mchepuo wake mpaka kwenye mitihani. Mwaka 1985 Benki ya Dunia ilichapisha utafiti wa George Psacharopoulos na William Loxley, uliolinganisha shule za aina hiyo za Colombia na Tanzania. Kwa upande wa Tanzania haukupata ushahidi wa wazi kwamba waliosoma mchepuo wa ufundi au kilimo waliwazidi wenzao kwa ajira au kipato, ingawa kuwasomesha kuligharimu zaidi. Miaka 20 kabla yake, mwaka 1965, Philip Foster alikuwa ameshaandika kuhusu Ghana kwamba matumaini ya mwanafunzi hayapangwi na mtaala. Yanapangwa na kile anachokiona kinalipa nje ya shule. Mtoto akiona karani anapata mshahara na seremala anapata ahadi, utamfundisha useremala naye ataomba ukarani.

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wake, na mwalimu hawezi kuiruka. Jibu lake ni kwamba utafiti ule uliwafuata vijana wa zama nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya themanini waliofika Kidato cha Nne walikuwa wachache mno. Serikali na mashirika ya umma yaliwachukua wengi wao, na wengine walipelekwa kwenye mafunzo mengine bila kujali walisoma mchepuo gani. Cheti chenyewe kilitosha. Shule za kata zilipoenea kuanzia 2004, na ada ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne ilipofutwa mwaka 2016, cheti hicho kilipoteza upekee wake. Kulinganisha mhitimu wa 1981 na wa leo ni kulinganisha watu wawili waliosimama kwenye foleni tofauti.

Jibu hilo lina nguvu, lakini linaziba nusu tu ya tundu. Linaeleza kwa nini faida ya michepuo haikuonekana katika mishahara. Halielezi kwa nini michepuo yenyewe ilififia shuleni, na kufifia kwake walikushuhudia walimu wengi wa zama hizo. Mchepuo wa kilimo uliishia kuwa jembe la mchana na adhabu ya wachelewaji. Mchepuo wa ufundi ulibaki na vyumba vyenye meza nzito na jiriwa zilizoshika kutu, na mwalimu akichora ubaoni kifaa ambacho stoo haina. Afisa mipango anaona hapo kushindwa kwa wazo lenyewe. Fundi anaona kitu kingine.

«Afisa, unasema wazo lilishindwa. Mimi nauliza, nani alikuwa ananunua mbao?»

Fundi anaeleza kwa mfano wa banda lake. Mbao za kawaida Tukuyu ni paini na mlingoti, nyingi zikitoka Shamba la Miti Kiwira lililo humuhumu wilayani. Huuzwa zikiwa mbichi, na katika mji ambao mvua hainyamazi kwa miezi, ubao mbichi ukiwahishwa kwenye fremu ya mlango utapinda kabla mteja hajamaliza kulipa. Kwa hiyo somo la kwanza la kijana bandani halihusu msumeno. Anafundishwa kupanga mbao chini ya paa, safu juu ya safu, na kuweka vibao vyembamba kati yake ili upepo upite, kisha kusubiri. Halafu anafundishwa kunoa: bapa la randa, patasi, meno ya msumeno. Kupiga randa kunakuja baadaye, na hapo ndipo gharama inapoanza, kwa sababu anayejifunza huharibu. Pembe ya kwanza ya fremu atakayoiunga itakuwa na mwanya wa kupitisha kidole. Ya kumi itashika. Kati ya ya kwanza na ya kumi kuna mbao zilizoishia kuwa kuni, na bandani hasara hiyo anaibeba fundi, naye huifidia kwa kumtumia kijana kazi nyingine.

Shuleni nani anaibeba? Hesabu yake ni nyepesi. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akipewa futi mbili za ubao kwa zoezi, linakula futi 80 kwa zoezi moja. Mazoezi 30 kwa mwaka ni futi 2,400, yaani mbao 200 za futi kumi na mbili, kwa darasa moja la fani moja, kabla ya misumari, gundi na msasa. Ruzuku ya uendeshaji ambayo serikali iliipangia sekondari ilikuwa Sh 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo zimo chaki, karatasi, mitihani na ukarabati. Karakana yenyewe inaweza kujengwa kwa fedha za mradi, ikafunguliwa kwa utepe na ngoma. Mbao hazina mradi. Zinatakiwa kila wiki, na ni kitu cha kwanza kufutwa bajeti inapobana.

Hapo afisa mipango anakubali kitu fulani, tena kinachomhusu yeye. Mafunzo ya ufundi yana chanzo chake cha fedha: tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo waajiri hulipa kutokana na mishahara ya wafanyakazi wao, na sehemu yake huenda VETA. Kiwango chake kimekuwa kikishushwa, kutoka asilimia 6 hadi chini ya 4, kwa maombi ya waajiri wenyewe. Shule za sekondari haziko katika mkondo huo wa fedha. Mtaala ni wa Wizara ya Elimu, shule na walimu wako chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, kupitia halmashauri, na cheti cha ufundi kinasimamiwa na mamlaka za mafunzo ya ufundi. Karakana ya amali imekaa katikati ya watatu hao. Kila mmoja ana haki ya kuikagua, na hakuna aliyeandikiwa wajibu wa kununua ubao wa Jumatatu. Halmashauri ingeweza kutenga fungu lake kutoka ushuru wa mazao, kwa sababu chai na parachichi zinaingiza kitu, lakini fungu hilo linagombaniwa na zahanati, madawati na barabara za vijijini ambazo mvua huzifumua kila msimu.

Kenya inatoa onyo lililo karibu. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 masomo ya mikono yaliwekwa kwa wingi, na wazazi wakachanga kwa harambee kujenga karakana. Nyingi hazikupata vifaa vya kutosha. Mtihani ukageuka kuwa wa kukariri majina ya zana, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo mengi ya aina hiyo yalipunguzwa. Wazazi walikuwa wameshalipa.

Mama mkulima amesikiliza hesabu za mbao, lakini hofu yake iko kwingine.

«Mwalimu, mimi sikatai mtoto ajue kazi. Ila niambie, akichukua hiyo amali, mlango wa juu unabaki wazi au unafungwa? Maana watoto wa wakubwa sijasikia wanapelekwa huko.»

Swali hili watunga sera hulijibu kwa haraka mno, kana kwamba mzazi anadharau kazi ya mikono. Mama huyu ameshika jembe na kisu cha majani maisha yake yote. Hana cha kudharau. Anapima hatari. Mwalimu anamjibu kwa mfano wa jirani: Shule ya Sekondari ya Ufundi Iyunga, jijini Mbeya, moja ya shule chache za ufundi za serikali pamoja na Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Musoma na Bwiru. Shule hizo zilifundisha uchoraji wa kiufundi, ujenzi, umeme na makanika pamoja na hisabati na fizikia, na wahitimu wake waliendelea na Kidato cha Tano au vyuo vya ufundi. Katika jiji hilohilo kilikuwepo Chuo cha Ufundi Mbeya kilichoanza 1986, kikawa taasisi mwaka 2005, na mwaka 2012 kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Mlango wa juu uliwahi kuwepo, na njia yake ni ya kilomita 70 tu kutoka Tukuyu.

Afisa mipango anaukata mfano huo bila kusita. Iyunga ilichagua vijana wenye ufaulu mzuri, ilikuwa ya bweni na ilijengewa karakana za kweli. Mafanikio yake yanathibitisha kwamba shule chache zilizoshibishwa zinaweza. Hayathibitishi chochote kuhusu shule ya kata yenye walimu wawili wa sayansi. Pia shule nyingi za ufundi za zamani zilikuwa za wavulana, na hapo mama anadakia: wake ni binti. Je, atapangiwa umeme, au atapelekwa kwenye cherehani na mapishi kwa sababu ni msichana? Mwalimu anasema fani zote ziko wazi kwa wote. Mama anasema hajauliza kilichoandikwa. Upande huu wa mjadala unaishia hapo, na inafaa uishie hapo mpaka orodha za usajili za shule zenyewe zitakapojibu.

Linalofuata ni fani zipi. Mwalimu angependa Rungwe ifundishe kazi za Rungwe, na mifano yake ni mizuri. Viwanda vya chai vya Katumba na Mwakaleli husaga majani yaliyonyaushwa kwa kuyapitisha kati ya roli za chuma zenye meno madogo makali. Meno hayo huisha makali, na jani likisagwa kwa roli butu chai inakuwa hafifu na bei inashuka. Kwa hiyo roli hutolewa na kuchongwa upya kwenye mashine ya kukereza vyuma, kazi inayotaka mkono uliofundishwa. Parachichi aina ya Hass huvunwa likiwa gumu, kwa kukatwa na kikonyo chake na si kung'olewa, kisha linatakiwa liingie baridi mapema na kubaki kwenye baridi hadi melini. Maziwa ya ng'ombe wanaofugwa nyuma ya nyumba yanahitaji kupozwa hadi nyuzi 4 ndani ya saa chache tangu kukamuliwa. Kote huko anatakiwa fundi wa majokofu na fundi mitambo. Orodha ya kawaida ya fani za shule, ya useremala, uashi na ushonaji, imeandikwa kana kwamba wilaya haina kiwanda wala chumba cha baridi.

Anayepinga safari hii ni fundi. Ukimfunga mtoto kwenye roli za chai, anasema, kiwanda kikisimama naye amesimama. Vijana wa Rungwe hawakai Rungwe. Wako Mbeya, Tunduma, Kahama na Dar es Salaam. Anayejua kuchomelea atatengeneza geti popote penye umeme na watu wanaoogopa wezi. Ujuzi bora kwa kijana asiye na ardhi ni ule unaopanda basi pamoja naye. Kati ya hoja hizi mbili, ya fundi ina uzoefu zaidi na ya mwalimu ina thamani zaidi kwa wilaya, na haziwezi kutimizwa zote na shule moja yenye karakana moja. Inayowezekana ni kufundisha msingi mpana shuleni, vyuma na umeme, na kuwapeleka wanafunzi viwandani kwa mafunzo ya vitendo, kama viwanda vitakubali.

Lugha nayo inaingia, ingawa hutajwa mara chache. Sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Karakana za Tukuyu zinaongea Kiswahili na Kinyakyusa: timazi, pimamaji, tindo, mwiko, tupa. Mwanafunzi anayejua kuunga pembe lakini hawezi kuieleza kwa Kiingereza kwenye karatasi ya mtihani atahesabiwa hajui. Fundi anaijua hali hiyo kwa upande wake. Alijifunza bandani kama saidia fundi, na ujuzi wake ungeweza kutambuliwa kwa utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo anayepimwa huonyesha kazi yake. Anashangaa kwamba shule, inayotaka walimu wa ufundi na haiwapati, haijafikiria kuwaita mafundi wa aina yake wafundishe hata siku mbili kwa wiki. Mwalimu anasema kanuni za ajira haziruhusu asiye na sifa za ualimu kuwa mwalimu. Afisa mipango anasema zinaweza kumruhusu kuwa msaidizi wa karakana. Kwa dakika moja wote watatu wako upande mmoja.

Mwisho unabaki umri, na hapa hakuna aliyetoa jibu zuri. Chini ya mpango mpya mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita, anamaliza la sita akiwa na 12, na Kidato cha Nne akiwa na 16. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inazuia aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini, kiwandani au katika kazi nyingine zenye mazingira hatarishi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nayo haimfikii asiyefikisha miaka 18. Kijana atakuwa na cheti cha kuchomelea, asiruhusiwe kuajiriwa kuchomelea, na asikopeshwe mashine ya kuchomelea. Mwalimu anapendekeza miaka miwili hiyo iwe ya ngazi ya juu ya ufundi katika vyuo kama Katumba. Afisa mipango anauliza nafasi ziko wapi. Mama anauliza nani atalipa.

Kundi la kwanza la amali, lililoanza Januari 2024, linafanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2027. Mwaka huohuo darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani watamaliza shule ya msingi kwa pamoja, na Januari 2028 madarasa mawili yataingia Kidato cha Kwanza kwa mkupuo. Binti wa mama huyu hatakuwemo. Yeye anaingia sekondari kabla yao, katika shule ambayo halmashauri yake itakuwa ikichagua kati ya kununua viti na kununua mbao.